Baiskeli Niliyopaswa Kuiacha

Mwanangu Kasimu,

Salaam zangu zipokee sasa hivi, kabla hujasoma mengine. Ukifika chini ya karatasi hizi sijui kama utakuwa bado unazitaka.

Mambo ya safari sitakuandikia. Mama yako amekwisha kukufungia kila kitu, na kila alichokifunga amekueleza mara tatu. Viraka, gundi na pampu umenunua mwenyewe. Barabara ya leo si ile tuliyopita sisi, kwa hiyo huko nako sina la kukufundisha. Na ile kazi ya ualimu inayokungoja Bagamoyo, wewe umeisomea, mimi sikuisomea. Mimi ni karani wa mizani mstaafu. Nitakuandikia jambo moja tu ninalolijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Juzi ulipokaa barazani na Twaha, mwana wa ndugu yangu Sefu, mkatuambia mmeamua kwenda ziarani kwa baiskeli moja, mmoja apande na mwenzake atembee, mpokezane mpaka Bagamoyo, mama yako alilia kwa furaha. Ulisema, "Kama mlivyokwenda wewe na marehemu baba mdogo." Ulisema mnataka thawabu za safari hiyo zimfikie Sefu kaburini. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kutia udhu, na wakati wa sala ulikuwa bado. Hukuona. Twaha aliona.

Hadithi ile umekua nayo. Uliisikia kwa bibi yako, ukaisikia kwangu, na kila mwaka vijana wa msikitini wakijiandaa na ziara walikuwa wakiniomba niwasimulie. Ndugu wawili, baiskeli moja, nadhiri ya mama yao. Nimeisimulia mara nyingi hata nikawa naiona kwa macho namna ninavyoisimulia, si namna ilivyokuwa. Mwanangu, hadithi ile ina uwongo ndani yake, na uwongo huo umekaa mahali penye moyo wa hadithi.

Mwanzo wake ni kweli. Bibi yako aliugua tumbo, akapasuliwa, na siku tatu hatukujua kama ataamka. Alipoamka alisema ameweka nadhiri: akipona, atakwenda kulizuru kaburi la sheikh Bagamoyo bila kupanda gari. Akapona, lakini miguu haikupata nguvu tena. Basi akatuita sisi wanawe wawili, tukamchukulie nadhiri yake. Miguu yetu au baiskeli, alisema, lakini gari hapana. Baiskeli yetu nyumbani ilikuwa moja, ya Kichina, nzito kama mlango. Akatutolea ubani na kitambaa cha kijani cha kufunika kaburi. Akamkabidhi Sefu.

Mimi nilikuwa mkubwa, nimempita miaka mitatu. Nilisimama pale pale mkono wangu uko mbele, naye akakipitisha kitambaa mbele yangu akampa mdogo. Huenda alifikiri tu kwamba Sefu ni mwangalifu wa vitu, na kweli alikuwa mwangalifu. Lakini mimi nililibeba jambo lile kutoka nyumbani kwetu Nguvumali, na lilikuwa zito kuliko baiskeli. Nakuambia hili si kwa kujitetea. Nataka ujue mambo madogo kiasi gani humtosha mtu.

Kupokezana kwenyewe kulikuwa hivi. Tunakubaliana mahali mbele, mti au duka au daraja. Mmoja anapanda mpaka pale, anaiegemeza baiskeli, anaendelea kwa miguu. Mwenzake anakuja akitembea, anaikuta, anapanda, anampita wa mbele, naye anakwenda kuiacha mahali pengine. Kwa mtindo huo wawili huenda haraka kuliko wakitembea wote, na kila mmoja anapata kupumzisha miguu. Ila njia nzima mnaonana kwa dakika chache tu, mnapopitana. Saa zingine zote kila mmoja yuko peke yake na anamwamini asiyemwona. Mtu akiniuliza ziara ni nini, ningemwambia ni hiyo. Si kaburi. Lakini nililijua hilo nimekwisha chelewa.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Tulipita Tongoni, tukapita Kigombe, na kila Sefu aliponipita alipiga kengele na kunikejeli kwamba natembea kama bibi harusi. Pangani tulilala kwa jamaa. Siku ya pili tukavuka mto, tukashika njia ya Mwera, na huko ndiko alikochomwa na mwiba. Mwiba wa mgunga, ulipenya kandambili ukaingia chini ya kisigino. Nilimkuta amekaa kando ya njia mguu umo mikononi. Nikautoa kwa pini. Ncha ilikatika ikabaki ndani. Niliiona, nukta nyeusi, ndogo kama mbegu ya ufuta. Akaniuliza kama umetoka wote.

"Wote," nikamwambia. "Vaa twende."

Huo ndio uwongo wa kwanza, Kasimu, na niliusema kwa sababu jua lilikuwa linapanda.

Tulipofika Mkwaja mguu ulikuwa umevimba. Asubuhi yake hakuweza kukanyagia kisigino, akawa anakwenda kwa ncha za vidole. Nilimwambia tungoje siku moja. Nilimwambia kwa sauti ambayo yeyote angeisikia angejua jibu ninalolitaka, naye akajibu kwamba anaweza. Shughuli ya ziara ilikuwa kesho yake usiku. Mimi nilikuwa nimejitangaza Tanga nzima kwamba nitafika kwa nadhiri ya mama yangu, na nilitaka kuonekana nikifika.

Mbele yetu ilikuwa pori la kwenda Saadani. Wakati ule njia ilikuwa ya mchanga, nyasi zimempita mtu, na kila mtu alijua mna simba na nyati. Tukakubaliana kwamba Sefu apande zaidi, mimi nitembee zaidi. Ilikuwa haki. Kipande cha kwanza alipanda yeye, akaniachia baiskeli kwenye kisima. Nikaichukua, nikampita anachechemea, ameshika fimbo. Tukakubaliana nitaiacha kwenye mkwaju mkubwa uliokuwa peke yake njiani, ambao watu wa Mkwaja walitueleza. Hata mwendo wa saa moja haukufika. Mfuko wake niliuchukua mimi, wenye maji, ubani na kitambaa, ili asibebe kitu.

Nilifika mkwajuni. Nikashuka. Nikaiegemeza baiskeli kwenye shina, nikafungua mfuko nikanywa maji, nikaanza kutembea. Nilikwenda hatua labda arobaini. Mchanga ulikuwa moto na umelegea, kila hatua inarudi nyuma nusu. Nikasimama, nikageuka, nikaitazama baiskeli. Nikarudi.

Sikusema namwacha ndugu yangu. Hakuna mtu anayesema hivyo moyoni mwake. Nilisema nitaisogeza mbele kidogo, penye kivuli kizuri zaidi. Nikapanda. Nilipofika penye kivuli nikasema hapa hatapaona, niisogeze mpaka njia inapopinda. Palipopinda nikasema sasa nimekwisha kwenda mbali, afadhali nifike Saadani kijijini nimtafutie mtu wa kumfuata. Saadani nilifika alasiri. Niliwakuta watu, Kasimu. Ningeweza kusema. Walinipa maji, wakaniuliza kama niko peke yangu, nikasema ndugu yangu anakuja nyuma, na nilipolisema hilo lilikuwa kama kweli. Nikafikiri atapata lori la chumvi. Nikasahau kwamba tuliapa gari hapana, na kwamba Sefu angeshika kiapo kile hata kwa mguu mmoja.

Nikalala kwenye baraza ya msikiti wao, na asubuhi nikavuka Wami kwa mtumbwi nikaenda zangu.

Nilifika Bagamoyo kabla ya magharibi. Walinipokea. Nilikitandika kitambaa cha bibi yako kwa mikono yangu mwenyewe. Usiku ule nilisimama katika safu na watu wakileta dhikri, na machozi yakanitoka mpaka kanzu ikalowa kifuani. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono akaniambia nimejaaliwa. Sikuutoa mkono wangu.

Sefu alikuwa amefika mkwajuni alasiri ile nilipokuwa Saadani. Hakukuta baiskeli, akakuta alama za matairi zinakuja, na alama za miguu yangu zinakwenda hatua chache kisha zinarudi. Mtu mwingine angeelewa pale pale. Yeye hakuelewa. Alisema moyoni kwamba nimeshituliwa na mnyama, nikarudi mbio kuidaka baiskeli nikakimbilia porini. Basi akaingia porini kunitafuta. Kwa mguu ule. Alikesha juu ya mti, na kulipokucha akaendelea kunitafuta, bila maji, kwa kuwa maji nilikwenda nayo mimi. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi walimsikia siku ya pili. Mmoja wao nilionana naye baadaye kwenye ujia wa hospitali, akanisimulia haya yote kama alivyoyasikia kwa Sefu. Hakujua mimi ni nani.

"Tulimkuta sauti imekauka," alinieleza. "Alikuwa anaita kaka yake. Tukamwambia twende, akatukatalia. Anasema simba kamchukua kaka, hatoki porini bila hata nguo yake ya kumpelekea mama."

Walimbeba kwa nguvu, mwisho akafikishwa hospitali. Mguu ulikuwa umekwisha oza. Ukakatwa juu ya kifundo.

Nilirudi Tanga nikiwa nimeandaa maneno. Nilisema mguu wa Sefu ulimuuma kidogo, na yeye mwenyewe aliniambia nitangulie ili nadhiri ya mama isipitwe na siku yake. Bibi yako akaja nami hospitali. Akakaa kitandani kwa Sefu, akamuuliza, mimi nimesimama pale mlangoni. Sefu alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tunaonana tangu nilipompita njiani.

"Nilimwambia aende, mama," akasema.

Basi. Ndivyo hadithi yako ilivyozaliwa. Bibi yako alikufa akiamini nadhiri yake ilitimizwa na wanawe wawili, mmoja kwa kufika na mwingine kwa kumtanguliza nduguye. Watu wakatuombea. Mimi nikapata jina.

Nilidhani ameniokoa. Miaka mingi nilidhani hivyo. Lakini mtu anayekusetiri bila wewe kumwomba amekuachia kazi, na kama huifanyi, ile sitara inakugeukia. Nilikuwa nikimwona Sefu huko Mabawa dukani kwake, anaendesha cherehani kwa mguu mmoja, na kila nilipomwona nilimletea kitu. Nilimpelekea samaki. Nilimpelekea mabati nyumba ilipovuja. Twaha alipozaliwa nilichinja mimi. Watu wakasema, tazama kaka anavyompenda nduguye. Nilimpelekea kila kitu isipokuwa neno moja, na kadiri mizigo ilivyozidi ndivyo neno lilivyozidi kuwa gumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na mizigo ilikuwa ya nini.

Labda ungetaka nikuambie nilikuwa napanga kumwambia. Nilikuwa napanga. Nimepanga miaka thelathini. Alipolazwa mwaka huu nilikwenda kila siku, na siku ya mwisho nilikaa naye tangu adhuhuri. Alikuwa anapumua kwa shida lakini akili anayo. Nikamwambia apumzike, asijichoshe kwa kusema. Sikiliza vizuri hapo, mwanangu: mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Sasa nikueleze la leo.

Tangu mlipokuja barazani sikupata usingizi, na leo asubuhi nikaenda Mabawa. Nilimkuta Twaha dukani kwa baba yake anakunja vitambaa, maana duka atalifunga mpaka akufikishe Bagamoyo na kurudi. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti. Nilisema nina jambo kuhusu safari yetu ya zamani. Nikaanza, kwa kuzunguka, kwa habari za mwiba. Nilipofika kwenye mkwaju akaniwekea mkono gotini kwa upole, kama mtu anavyomzuia mzee asijikwae.

"Najua, baba mkubwa," akasema. "Baba alinieleza nilipokuwa kidato cha pili."

Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza miaka yote hii.

"Alinikataza. Alisema, kaka atakuja kusema mwenyewe, tusimharakishe." Akaendelea kukunja kitambaa, akakiweka. "Kila Idi ulipokuja, alikuwa anatutoa wote nje. Mama anatumwa dukani, sisi tunaambiwa tukacheze. Hukuona? Ili mbaki wawili. Ukishaondoka nilikuwa namtazama usoni. Sikuwa na haja ya kumuuliza."

Nilikaa pale, Kasimu, nikazikumbuka Idi zile. Alikuwa anatoa watu, ndiyo. Kila Idi. Nyumba inakuwa kimya, ananimiminia kahawa, anakaa mbele yangu mikono magotini, ananitazama. Na mimi naona ukimya umekuwa mrefu, naujaza. Namweleza habari za bandarini. Namweleza mpira. Namwuliza mchele wa Idi hii kaununua wapi. Hapo anatabasamu kidogo, anajibu, na baada ya muda anawaita watoto warudi. Nilikuwa nikitoka pale nimeshukuru kwamba ndugu yangu ni mtu asiye na kinyongo. Alikuwa ananifungulia mlango, mwaka baada ya mwaka, na mimi nasimama kizingitini nauliza bei ya mchele.

Nilimwambia Twaha anisamehe yeye, kwa niaba ya baba yake. Nilidhani ni haki yangu kuomba, kwa kuwa nimekwisha kusema.

"Siwezi, baba mkubwa," akajibu. Hakukasirika. "Hukusema kwa mwenyewe. Mimi nina langu la kukusamehe, nimemwona akivaa mguu wa mti kila alfajiri akiingia msikitini. Hilo langu nitalifikiria. Lake silo langu."

Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui.

"Basi mwambie kabla hatujaondoka. Mimi nitakwenda naye, na kwa baiskeli moja kama alivyotaka. Sitaki tu kutembea siku nne na mtu asiyejua nimebeba nini."

Ndiyo sababu ya barua hii. Si ujasiri wangu, ni sharti la Twaha. Na hata sharti hilo nimelitekeleza nusu, maana niliambiwa nikuambie, nami nakuandikia. Wakati nayaandika haya nakusikia nje unacheka na mama yako mnapofunga mizigo kwenye keria, na mara mbili nimeinuka nije, mara mbili nimekaa.

Ungetarajia nasaha hapa. Baba wa watu angekuambia usimwache mwenzio njiani. Lakini hakuna aliyenificha jambo hilo mimi, nililijua tangu chuoni nikisoma Kurani. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona mwenyewe: kosa langu la mkwajuni lilichukua siku moja, na kama jioni ile ningegeuza baiskeli pale Saadani, ningemkuta Sefu bado ana mguu, ningemwomba radhi, angenitukana, tukaendelea. Miaka thelathini iliyofuata haikuwa ya kosa lile. Ilikuwa kila siku kosa jipya, dogo, la kuisogeza baiskeli mbele kidogo tu. Na nilikuwa naswali sala tano.

Wewe utamkosea Twaha. Utamkosea pengine kesho yenyewe, utachelewa kumwachia baiskeli, utakunywa maji yaliyokuwa zamu yake. Utawakosea watoto utakaowasomesha, na mke utakayemwoa. Sikuombei usikosee, dua hiyo nimeiomba mwenyewe haikunifaa kitu. Nakuombea uwe na uso mkavu wa kurudi siku hiyo hiyo.

Thawabu ulizotaka kumpelekea Sefu, mpelekee. Usizipunguze kwa ajili yangu. Lakini usizitoe kwa jina la hadithi niliyokupa. Mtolee yule aliyeingia porini kunitafuta, ambaye hukusimuliwa. Na mkifika penye kaburi, kama utakuta kijana anamwuliza Twaha habari za baba zenu, usimjibie. Mwache Twaha ajibu anavyopenda, kwa namna yoyote, hata ikinifika huku Tanga.

Sijui utanitazamaje kesho mkipita mlangoni. Huenda ukaniaga, huenda ukanipita. Ukinipita sitakuita nyuma. Mimi ni mtu wa mwisho mwenye haki ya kumwita mtu arudi.

Limebaki moja. Mama yako hajui. Ameishi na mimi miaka yote hii, amemhudumia Sefu mpaka siku ya mwisho, amemwosha Twaha akiwa mchanga, na hajui. Nimeazimia kumweleza mkishaondoka, kabla ya chai. Lakini wewe sasa unajua maazimio yangu yana thamani gani. Kwa hiyo jioni mkifika Pangani utapiga simu, na nitaipokea mimi. Usianze na shikamoo. Usiniulize hali. Niulize kwanza kama nimemwambia, na nikikuambia nitamwambia kesho, kata simu, umpigie yeye.

Baba yako